Kumpima Mshambuliaji Kijana

Wasomaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo ukiliangalia juu juu ni mchezo tu, lakini ndani yake mna riziki ya mtu, na masomo yake, na pengine kipande cha shamba la baba yake. Jambo lenyewe ni hili. Kuna kijana anayecheza mpira wa miguu, naye ni mshambuliaji. Afunga mabao, watu wamshangilia, jina lake laitwa njiani. Je, tutajuaje kama kweli ana uwezo wa kuishi kwa mchezo huo, na kama uwezo wake unakua au umekwisha simama?

Swali hili huulizwa kila mahali penye kiwanja. Huulizwa katika michezo ya shule za msingi, yaani UMITASHUMTA, na katika ile ya sekondari, yaani UMISSETA. Huulizwa Bukoba na watazamaji wanaotoka katika kiwanja cha Kaitaba. Huulizwa Kibingo na penginepo katika Kyerwa na Karagwe, chini ya migomba, jua likishuka. Lakini huulizwa kwa uzito zaidi usiku, ndani ya nyumba, siku ile ajapo mgeni kutoka mjini na kusema ya kuwa amemwona mtoto, na ya kuwa atampeleka Dar es Salaam au hata Ulaya, mradi apewe fedha kidogo za kutengeneza karatasi. Usiku huo wazazi hawana budi kuamua, nao aghalabu hawana kipimo ila hesabu ya mabao na sifa za majirani.

Basi na tuanze na hesabu hiyo ya mabao, maana ndiyo inayodanganya kuliko vyote.

Mtu akisema, ‘Kijana huyu alifunga mabao 20 mwaka huu,’ hajasema mengi. Yatupasa kumwuliza: aliyafunga dhidi ya nani? Mabao matano yaliyofungwa kwa timu moja dhaifu siku moja si sawa na mabao matano yaliyofungwa kwa timu tano zenye mabeki wazima. Tena aliyafunga kwa njia gani? Katika ligi za watu wanaolipwa, penalti nne zikipigwa, tatu hivi huingia. Bali mashuti ya kawaida huingia moja katika kumi, au karibu na hapo. Kwa hiyo kijana aliyepewa penalti zote za timu yake ataonekana mkali kuliko mwenzake asiyepewa hata moja, hali pengine yule wa pili ndiye bora. Ondoeni penalti kwanza, ndipo mhesabu.

Wataalamu wa siku hizi wamekwenda mbele zaidi. Hawahesabu mabao peke yake, bali huangalia kila shuti lilipigwa kutoka wapi na katika hali gani, wakalipa uzito wake: shuti la karibu na lango, mbele ya kipa peke yake, lina uzito mkubwa; la mbali, katikati ya watu, lina uzito mdogo. Kisha hujumlisha. Katika kazi hiyo wameona ya kuwa mshambuliaji apataye nafasi nzuri mechi baada ya mechi ni wa kutumainiwa, hata kama mwezi huu hakufunga. Na yule aliyefunga mengi kwa nafasi chache, aghalabu mwaka wa pili mabao hupungua. Kipa huteleza, mpira hugonga mwamba ukaingia. Mambo hayo hayarudi kila mwaka. Sisi tusio na mitambo yao twaweza kufanya jambo dogo lililo sawa na hilo: tuhesabu ni mara ngapi kijana alijikuta mahali pa kufunga. Kalamu na daftari vyatosha.

Na ‘kujikuta’ huko hakuji kwa bahati. Mtazameni mshambuliaji wakati asipokuwa na mpira. Watazamaji wengi hufuata mpira kwa macho, na kwa sababu hiyo hawaoni kazi yenyewe inavyofanyika. Mshambuliaji mwenye akili hugeuza shingo na kutazama nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Ajua beki yuko wapi na uwazi uko wapi. Humvuta beki hatua mbili upande mmoja, kisha akakimbilia upande wa pili. Mnamo Novemba 2019, Mtanzania mwenzetu Mbwana Samatta alifunga bao katika kiwanja cha Liverpool kwa kichwa, mpira ukitoka kona. Tarehe 1 Machi 2020 alifunga tena kwa kichwa, safari hii katika kiwanja cha Wembley, London, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, mpira ukitoka pembeni. Siku zote mbili timu yake ilishindwa mabao 2 kwa 1, lakini hilo si neno letu leo. Bao la namna ile hufungwa kwanza kwa miguu, kwa kumtangulia beki nusu hatua. Kichwa humalizia tu.

Mtazameni pia anapoupokea mpira. Je, mpira hulala mguuni, au humruka akaufukuza? Kijana mwenye mbio nyingi huweza kuficha kosa hili katika kiwanja cha kijiji, kwa kuwa humshinda kila mtu kuukimbilia. Akifika penye mabeki wenye mbio kama zake, kosa huwa wazi siku ya kwanza. Aidha mtazameni baada ya kukosa bao la wazi. Mwingine huinama, akawakasirikia wenzake, akajificha nyuma ya beki asipewe mpira tena. Mwingine hurudi mahali pale pale na kuutaka mpira. Kwa maoni yetu alama hii ya mwisho ni kubwa kuliko nguvu ya shuti lake, maana shuti lafundishika.

Kimo na unene tusivitie maanani sana. Mwingereza Jamie Vardy alitolewa katika klabu ya Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa kuonekana mdogo. Akafanya kazi kiwandani huku akicheza katika ligi za chini. Na mwaka 2016, akiwa na miaka 29, alikuwa mshambuliaji wa Leicester City walipotwaa ubingwa wa Uingereza.

Sasa tuje kwenye umri, ambapo pana habari ya ajabu kutoka nchi ya baridi. Huko Kanada mchezo upendwao kuliko yote ni magongo yachezwayo juu ya barafu. Watoto hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, na mwaka huanza Januari. Mwaka 1985 wachunguzi walitoa habari kwamba katika timu kubwa za vijana waliozaliwa miezi ya Januari, Februari na Machi walikuwa wengi mno kuliko wale wa Oktoba, Novemba na Desemba. Je, nyota za Januari ni bora? Hasha. Mtoto aliyezaliwa Januari na yule wa Desemba ya mwaka huo huo huwekwa kundi moja, na wa kwanza amemzidi mwenzake karibu miezi 12. Akiwa na miaka 10 au 12, miezi hiyo ni nguvu na kimo. Basi mwalimu humchagua mkubwa akidhani amechagua hodari. Mkubwa hupata mafunzo mazuri na mechi nyingi, na kweli huwa hodari. Mdogo huambiwa arudi nyumbani.

Mwaka 2013 wachunguzi wengine walitazama mambo ya vijana waliochaguliwa kuingia ligi kuu ya magongo ya barafu ya Marekani na Kanada. Wakaona ya kuwa waliozaliwa mwishoni mwa mwaka walichaguliwa nyuma ya wenzao, lakini baadaye wakafanya kazi kubwa kuliko walivyotarajiwa. Waliozaliwa mwanzoni walithaminiwa kupita kiasi chao. Nasi kosa hilo twalifanya kila mwaka katika timu za shule zetu.

Na ikiwa miezi michache yaweza kudanganya hivyo, je, miaka miwili au mitatu iliyofichwa? Tuseme wazi, kwa kuwa jambo hili lajulikana: wako wachezaji wanaopunguziwa umri ili wacheze na watoto. Mabao wanayofunga ni mengi, lakini ni mabao ya mtu mzima juu ya watoto, hayatuambii chochote. Tena siku hizi uongo huo una njia ya kukamatwa. Tangu mwaka 2009 FIFA, chama cha mpira cha dunia, hutumia mashine ya kupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono katika mashindano ya vijana walio chini ya miaka 17. Kijana aliyedanganyiwa umri na wakubwa wake ndiye ahukumiwaye mbele ya watu. Wao hubaki nyumbani.

Tuseme basi kijana wetu ana umri wa kweli, apata nafasi nyingi, na ana moyo. Yatosha? Bado. Hapo tumejua alivyo leo tu. Kujua atakavyokuwa, hapana budi tumtazame anapopanda daraja. Kwa jambo hili tuna mifano miwili ya karibu, mmoja wa Tanzania na mmoja wa Kenya, nayo yafaa kuelezwa taratibu.

Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Desemba 1992. Alianza katika African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011, hajatimiza miaka 19, alichukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo. Angalieni hapo. Hakukimbilia Ulaya. Alikaa Mazembe karibu miaka mitano, katika timu iliyozoea kupigania ubingwa wa Afrika, mahali ambapo mshambuliaji asiyefunga huwekwa benchi. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika, naye Samatta akafunga katika fainali. Januari 2016, mjini Abuja, alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Ndipo akaenda Genk, Ubelgiji, akiwa na miaka 23. Huko nako alihitaji muda. Mavuno makubwa yalikuja msimu wa 2018–19, alipofunga mabao zaidi ya 20 katika ligi, Genk wakawa mabingwa, naye akapewa tuzo ya Kiatu cha Eboni, itolewayo Ubelgiji kwa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika.

Januari 2020 alinunuliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi hiyo, tarehe 1 Februari, dhidi ya Bournemouth. Kisha mabao ya ligi yakakoma. Mechi 14, bao 1; Septemba mwaka huo akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Wengi walisema, ‘Amekwisha.’ Wengine wakasema, ‘Ameonewa.’ Sisi hatukubaliani na upande wo wote. Aliingia katikati ya msimu, katika timu iliyokuwa ikipigania isishuke daraja, na mwezi wa tatu ligi ikasimama kwa ajili ya ugonjwa wa korona hata mwezi wa sita. Miezi kama hiyo si kipimo cha mtu. Lakini si kweli pia ya kuwa hakuna kilichoonekana: ligi ile ilikuwa na kasi ambayo hakupata kuizoea, na timu haikuwa na subira ya kumngoja. Baada ya hapo aliendelea kuishi kwa kazi yake. Alicheza Antwerp, akarudi Genk, akaenda PAOK ya Ugiriki na kuwa bingwa wa nchi hiyo mwaka 2024, na mwaka 2025 akajiunga na Le Havre ya Ufaransa. Mtu aliyehukumiwa mwaka 2020 kwamba amekwisha alikuwa bado na miaka mingi ya kulipwa.

Mfano wa pili ni Mkenya Michael Olunga, aliyezaliwa mwaka 1994. Yeye alikuwa akisoma uhandisi katika chuo kikuu Nairobi huku akicheza, wala hakuuacha mpira kwa ajili ya kitabu, wala kitabu kwa ajili ya mpira. Mwaka 2015 alikuwa mfungaji wa Gor Mahia walipotwaa ubingwa wa Kenya bila kufungwa hata mechi moja. Mwaka uliofuata alikwenda Djurgården ya Uswidi, kisha Uchina, kisha Girona ya Hispania. Huko Girona, Januari 2018, alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas; lakini msimu wote alicheza kidogo tu, wala hawakumchukua moja kwa moja. Hesabu ya mtu mwepesi ingesema: ameshindwa Ulaya.

Basi akaenda Japani, katika Kashiwa Reysol. Mwaka 2018 timu ilishuka daraja. Mwaka 2019, katika daraja la pili, alifunga mabao 27, na manane kati ya hayo aliyafunga siku moja, mwezi wa Novemba, timu yake iliposhinda mabao 13 kwa 1. Wenye shaka walisema hilo ni daraja la pili tu, na walikuwa na haki ya kusema hivyo, kama tulivyoeleza juu. Jibu lilikuja mwaka 2020. Timu ikiwa imerudi daraja la kwanza, Olunga alifunga mabao 28 katika mechi 32, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Alikuwa na miaka 26.

Twajifunza nini katika safari hizi mbili? Kwamba kila daraja jipya lina miezi ya giza. Mabeki ni wengine, lugha ni nyingine, chakula na baridi ni vingine. Mshambuliaji akipandishwa, mabao hupungua kwanza. Hilo si ajabu. La kutazama ni mwaka wa pili: je, amerudi kufikia kiasi alichokuwa nacho chini? Akifikia, bado anakua. Asipofikia, pengine daraja hilo ndilo dari yake, wala si aibu, maana wengi huishi vizuri chini ya dari hiyo. Mkulima wa Kyerwa ajua ya kuwa mbuni uliohamishwa kutoka kitaluni hunyauka siku chache, na ya kuwa hauzai mwaka ule ule uliopandwa. Hakuna aung'oaye kwa sababu hiyo.

Upande wa pili wa jambo hili ni kupandishwa mapema mno. Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana aliyekulia Marekani, aliingia katika ligi ya watu wazima ya Marekani mwaka 2004 akiwa na miaka 14. Magazeti yalimfananisha na Pelé. Mwaka 2007 Benfica ya Ureno walimchukua, na baada ya hapo alihama timu hata timu, nchi hata nchi, bila kupata mahali pa kukaa. Uwezo aliouonyesha akiwa na miaka 14 ulikuwa wa kweli. Lakini hakupewa miaka ya kufanya makosa pasipo kutazamwa na dunia nzima. Miaka hiyo ndiyo Samatta aliyoipata Lubumbashi.

Sasa turudi kwa yule mgeni wa usiku. Yako mambo ambayo kila mzazi na kila katibu wa timu yampasa ayajue, kwa kuwa ni sheria, si maoni yetu. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Kwa hiyo mtu amwambiaye mzazi wa kijana wa miaka 15 ya kuwa amempatia klabu Ulaya, aulizwe ni kwa sababu ipi kati ya hizo. Tangu mwaka 2023 mawakala wa wachezaji hutakiwa kufanya mtihani wa FIFA na kuwa na leseni. Mgeni na aonyeshe yake. Na klabu imtakayo mchezaji kweli ndiyo itoayo fedha. Haimwombi mzazi auze ng'ombe.

Jambo jingine laihusu timu ya kijiji yenyewe, nalo halijulikani na wengi. Mchezaji akinunuliwa kwenda klabu ya nchi nyingine, hali mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomfundisha tangu mwaka wake wa 12 hata wa 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15 ni robo ya asilimia moja. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23 ni nusu. Tuseme kijana amekaa na timu moja miaka minne ya kwanza, kisha baadaye akauzwa kwa Euro 1,000,000: timu hiyo yastahili Euro 10,000. Ni fedha za kujenga kiwanja na kununua mipira ya miaka mingi. Lakini hulipwa klabu iliyomwandikisha mchezaji katika chama cha mpira kwa jina lake na tarehe yake ya kweli. Timu isiyoandikisha watu wake hailipwi, hata kama kijiji kizima chakumbuka ya kuwa alijifunzia pale.

Kwa hiyo daftari lile tulilotaja mwanzoni, la kuhesabu nafasi za kufunga, liwe na kurasa nyingine mbele yake: jina la kijana, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, siku aliyojiunga na timu, shule anayosoma na darasa alilofika. Katibu aliandike kwa wino, nakala moja ikae kwa mwalimu wa shule na nyingine ipelekwe kwa chama cha mpira cha wilaya kila mwanzo wa msimu.